Matende: Mguu Haukandwi, Hupapaswa



Mama mmoja wa kigango kimoja cha huku kwetu Bagamoyo ametuletea barua kwa mkono wa katekista wake. Anasema ana mguu wa matende tangu aliponyonyesha mtoto wake wa tatu, na leo ana wajukuu. Siku ya Alhamisi Kuu paroko alitafuta watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu kanisani, na jumuiya yake ikamtaja yeye. Akasingizia safari ya Dar es Salaam, akajifungia ndani hadi Pasaka. Anauliza mambo mawili. La kwanza, amesikia kwamba kuna namna ya kuukanda mguu wa namna hii ambayo mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe nyumbani, je, ni kweli? La pili, binti yake humkanda kila jioni kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, tena kwa nguvu, lakini mguu unazidi kunenepa na homa inamrudia kila baada ya wiki chache. Je, wanakosea wapi?

Nitaanza na swali la pili, kwa sababu ndani yake mna hatari. Mama yangu, mwambie binti apumzike kuanzia leo. Anakukanda kwa upendo, na upendo huo hatutaki upotee, ila mkono wake utapewa kazi nyingine. Mguu wa matende haukandwi wala hauchuliwi. Huoshwa, hukaushwa, huinuliwa, na baada ya hayo hupapaswa. Mpangilio huo ufuatwe, maana anayeruka la kwanza akakimbilia la mwisho hujisumbua bure, na pengine hujiumiza.

Wala usione aibu. Mimi mwenyewe nilipokuwa muuguzi kijana, katika hospitali moja, nilimfundisha mvuvi mmoja kukanda mguu wake kwa taulo lililochovywa katika maji ya moto. Nilifanya vile nilivyomwona bibi yangu akiwakanda akina mama waliojifungua. Nilidhani uvimbe ni uvimbe. Baada ya siku tatu aliletwa juu ya kitanda cha kamba, anatetemeka meno yakigongana, mguu umetoka malengelenge na unawaka. Ngozi ya matende mara nyingi hupungukiwa na hisia, hivyo alikuwa ameungua bila kujua, na vijidudu vikapata mlango. Homa tuliitibu ikapoa, lakini mguu ulioondoka hospitali ulikuwa mkubwa kuliko ule ulioingia.

Maji yasiyo na moyo wa kuyasukuma

Ili tuelewe kwa nini nguvu haifai, tuangalie kwanza mguu unavimbaje. Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba sana inayoanza chini tu ya ngozi. Kazi yake ni kuokota maji yanayovuja kutoka katika damu, pamoja na takataka na vijidudu, na kuyarudisha. Maji hayo huitwa limfu. Njiani hupita katika tezi zinazoyachuja. Tezi hizo unazijua: ukichomwa na mwiba unyayoni ukatunga usaha, kinena huvimba na kuuma, nasi watu wa pwani tunasema fulani ametokwa na mtoki. Mtoki ni tezi ikiwa kazini.

Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Hupanda taratibu kwa kunywea kwa mishipa yake yenyewe, kwa misuli inayofanya kazi tunapotembea, na kwa kifua kinachopanda na kushuka tunapopumua. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vinavyozuia maji yasirudi chini. Safari huishia shingoni, nyuma ya mitulinga, ambako limfu humwagika katika mshipa mkubwa wa damu.

Sasa minyoo ya matende hukaa ndani ya mishipa hiyo hiyo. Huletwa na mbu wanaouma usiku: mjini ni wale wanaozaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu, mashambani ni wale wale wanaoleta malaria. Mnyoo jike hufikia sentimeta 8 hadi 10, mwembamba kama uzi, na huishi humo kwa miaka. Mishipa hutanuka, vilango hulegea, na maji hubaki mguuni. Kwa wanaume yanaweza kubaki katika korodani, ndiyo mabusha. Wapo wanaosema mabusha yanaletwa na kunywa madafu mengi. Ingekuwa hivyo, wanawake wa pwani hii wote tungekuwa na namna yake, maana madafu tunakunywa sawa na wanaume!

Wengine husema, "Nilimeza vidonge vya kingatiba, mbona mguu wangu haukupungua?" Mpango wa taifa letu wa kutokomeza matende ulianza mwaka 2000 kisiwani Mafia, na Unguja na Pemba mwaka 2001. Vidonge vile, ivermektini na albendazoli, huua watoto wa minyoo walioko katika damu ili mbu asiwapeleke kwa jirani. Vimewakinga wajukuu wetu wengi sana. Lakini mshipa uliokwisha haribika haushonwi na kidonge. Kwa hiyo wagonjwa wa zamani tunabaki nao, na wengi wao wanadhani hakuna tena la kufanya.

Liko la kufanya. Katika miaka ya 1990 daktari mmoja mwanamke wa Brazili, Gerusha Dreyer, aliyefanya kazi katika mji wa Recife, aliwaonyesha wenzake kwamba kinachokuza mguu mwaka hadi mwaka si mnyoo peke yake. Ni zile homa. Kila homa ni vijidudu vya kawaida vilivyoingia kupitia mpasuko mdogo wa ngozi, hasa katikati ya vidole, na kila homa huharibu mishipa mingine michache. Wagonjwa wake walikusanyika katika vikundi walivyoviita Vilabu vya Matumaini, wakafundishana kuosha miguu, na homa zikapungua sana. Sabuni na maji, ndugu zangu. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka yule mvuvi wangu.

Kuosha kwanza

Tumia maji ya kawaida, kama yale ya mtungini. Ukitaka kuyapasha moto kidogo yapime kwa kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sabuni iwe ya kuogea, isiyo na manukato makali. Keti, mwangaza uwe wa kutosha, uuangalie mguu wote kabla ya kuanza: kuna mpasuko? kuna magaga kisiginoni? kuna utando mweupe katikati ya vidole? Anzia juu ya uvimbe ukishuka taratibu hadi vidoleni, kwa mkono au kitambaa laini cha pamba. Usisugue kwa dodoki wala kwa jiwe. Fungua kila mkunjo wa ngozi uoshe ndani yake, kisha kila nafasi kati ya kidole na kidole. Suuza mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Mguu mzima nao uoshwe vivyo hivyo.

Kukausha ndiko watu wengi wanakokosea. Unyevu ukibaki katika mikunjo, fangasi hupata shamba. Kausha kwa kugusagusa, si kwa kufuta, na katikati ya vidole pitisha kipande chembamba cha kanga kuukuu iliyofuliwa na kukaushwa juani. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa mjini, huosha miguu mara tano kwa siku kabla ya sala, na kusema kweli wagonjwa wao niliowahudumia wana miguu misafi kuliko yetu. Ninachowasihi ni hicho tu: baada ya udhu, kausheni katikati ya vidole.

Penye fangasi omba dawa ya kupaka zahanati. Kucha zikatwe kwa unyofu, zisichimbwe pembeni. Na viatu! Kandambili zinazobana kidole na viatu vya plastiki vilivyofungwa pande zote havifai. Fundi wa makubazi anaweza kukutengenezea pea pana yenye mkanda wa kulegeza na kukaza, kwa kipimo cha mguu wako ulivyo. Mpelekee kipimo jioni, wakati mguu uko mnene.

Foleni ya barabara ya Bagamoyo

Sasa nije kwenye swali la kwanza la mama yetu. Ndiyo, ni kweli. Namna hii ya kuusaidia mwili kusogeza limfu kwa mkono ilianzishwa na Emil Vodder wa Denmark pamoja na mkewe Estrid, walipokuwa wakifanya kazi Cannes, Ufaransa, katika miaka ya 1930. Waliwaona watu wenye mafua yasiyokwisha na tezi zilizovimba shingoni, nao wakathubutu kuzipapasa polepole wakati ambapo waganga wengi waliogopa kuzigusa. Mwaka 1936 waliionyesha kazi yao mjini Paris. Leo inatumika hospitalini katika nchi nyingi, na sehemu yake iliyo rahisi mgonjwa hufundishwa aifanye mwenyewe.

Siri yake ni moja, na kila aliyewahi kupanda daladala kutoka Bunju kwenda mjini asubuhi ataielewa. Gari lililo Bunju halisogei kwa kupigiwa honi. Litasogea wale wa Tegeta wakisogea, na wa Tegeta watasogea wa Mwenge wakisogea, na hao watasogea pale Posta patakapokuwa na nafasi. Unyayo wako ndio Bunju. Goti ni Tegeta, kinena ni Mwenge, na shingo ni Posta. Binti wa mama yetu anaanzia Bunju, anasukuma kwa nguvu kuelekea juu, na mbele kumefungwa. Maji yataenda wapi? Yatarudi, na ile nguvu itaponda mishipa michache iliyobaki mizima. Kwa hiyo tunaanzia shingoni, tunafungua njia tukishuka, na mguuni tunafika mwisho.

Nguvu nayo ni kidogo mno kuliko unavyodhani. Mishipa tunayoitafuta iko chini tu ya ngozi. Gusa kama unavyogusa utosi wa mtoto mchanga. Mkono ulale bapa, usiteleze juu ya ngozi bali uchukuane nayo: ngozi iende na mkono kidogo, kisha mkono uachie na ngozi irudi yenyewe. Ndiyo maana hatutumii mafuta. Mafuta huufanya mkono uteleze. Ngozi ikiwa nyekundu au ukisikia maumivu, umezidisha. Polepole pia. Bibi mmoja niliyemfundisha husema "Yesu" anaposogeza na "Maria" anapoachia, na mahesabu yake anayafuata kwa rozari iliyo mapajani: fungu moja, yaani mara kumi, kwa kila mahali. Sijaona saa iliyo bora kuliko hiyo.

Namna ya kufanya

Mguu ukiwa umeoshwa na kukauka, lala chali, au keti na kuegemea ukuta, mguu ukiwa juu ya mito au godoro lililokunjwa. Nguo ziwe zimelegea; kanga inatosha. Mikono iwe safi na mikavu, pete na bangili zivuliwe, kucha ziwe fupi.

Weka mikono juu ya tumbo. Vuta hewa puani mpaka tumbo liinue mikono, kisha itoe kwa mdomo polepole. Mara tano. Wengi huliruka jambo hili kwa kuliona dogo, kumbe pumzi hiyo ndiyo pampu kubwa kuliko zote ulizo nazo. Inavuta limfu kutoka tumboni kuelekea kifuani.

Kisha shingo. Weka vidole bapa katika vishimo vilivyo juu ya mitulinga, kushoto na kulia. Vuta ngozi kidogo kuelekea chini na ndani, achia. Mara kumi. Usiguse koo lenyewe, wala usibonyeze pembeni mwa shingo pale mshipa unapopigapiga.

Baada ya shingo nenda kwapani, upande ule ule wenye mguu unaovimba. Kiganja kikae bapa ndani ya kwapa, kisukume taratibu kuelekea juu na ndani, mara kumi. Halafu ubavu: kuanzia nyongani hadi kwapani, kwa hatua tatu au nne, lakini ile iliyo karibu na kwapa ifanywe kwanza, kisha ya chini yake, mpaka nyongani. Daima tunafungua mbele kwanza. Ubavu ni kama njia ya mchepuko: kinena kikiwa kimeziba, maji mengine hupata pa kupitia kuelekea kwapani.

Sasa kinena chenyewe, pale paja linapokutana na tumbo. Kiganja bapa, kuelekea juu, mara kumi, kwa wepesi kabisa. Ukikuta tezi iliyovimba na inauma, acha, na siku hiyo usiendelee. Nitaeleza hapa chini.

Kutoka hapo tunaingia mguuni. Paja tuligawe sehemu tatu: ya juu kwanza, ya kati, kisha iliyo karibu na goti. Kila sehemu mara kumi, mikono miwili, ngozi ikisogezwa kuelekea juu na upande wa nje kwenye nyonga. Halafu nyuma ya goti. Hapo pana tezi, papapase kwa vidole bapa, mara kumi. Halafu shavu la mguu na upande wa mbele wa mguu, vivyo hivyo, sehemu ya juu kabla ya ya chini. Halafu kifundo cha mguu, ukizunguka pembeni mwa mifupa yake. Mwisho ni mgongo wa unyayo na vidole kimoja kimoja. Kama huwezi kujifikia, hapo ndipo binti anapopata kazi yake. Mwite akusaidie kuanzia goti kushuka chini, baada ya kumwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe ile nguvu ndogo unayoitaka. Wengi hushangaa na kusema, "Hivi tu?" Hivi tu.

Ukishafika vidoleni, njia yote iko wazi. Rudi sasa kutoka chini hadi juu: viganja vipite kwa wepesi kutoka unyayoni hadi gotini, paja, nyonga, ubavu, kwapa. Mara tatu hadi tano. Malizia kwa pumzi tano za tumbo kama ulivyoanza. Kazi yote ni dakika 20 hivi, mara moja kwa siku, na anayeweza mara mbili afanye.

Usiinuke mara moja. Ukiwa umelala chezesha kifundo cha mguu: vidole vielekee kwako, vielekee mbali, kisha zungusha. Mchana ukiwa umeketi kusuka ukili au kuchambua mchele, weka mguu juu ya kigoda na uurudie mchezo huo. Usiku inua upande wa miguu wa kitanda kwa matofali, si kwa mto mmoja chini ya kisigino ambao utaanguka saa nane. Mwenye ugonjwa wa moyo asiinue kabla ya kumwuliza daktari.

Siku ambazo hatugusi mguu

Mguu ukiwa wa moto, mwekundu au wenye kung'aa, unauma, mtoki umesimama kinenani na mwili unatetemeka kwa homa, siku hiyo hakuna kupapasa, hakuna mazoezi, hakuna kufunga bendeji. Vijidudu viko ndani, na kuvisogeza ni kuvisambaza. Lala, inua mguu, weka kitambaa kilicholowanishwa kwa maji ya baridi, kunywa maji mengi, meza panado, na upelekwe zahanati siku hiyo hiyo upewe dawa ya kuua vijidudu. Dozi ya dawa hiyo imalizwe hata homa ikipoa siku ya pili. Kupapasa kutaanza tena maumivu na joto vikiwa vimekwisha kabisa. Anayechanganyikiwa, anayetapika kila kitu au ambaye wekundu unapanda haraka, asisubiri asubuhi.

Ziko siku nyingine za kusimama. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma kwenye shavu, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni au mtu aliyelala kitandani muda mrefu, huenda una damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuusogeza ni hatari kwa maisha. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na kukosa pumzi au uso kuvimba asubuhi, huo waweza kuwa moyo au figo. Hayo si matende na mkono hauyatibu. Penye kidonda kibichi zunguka mbali nacho. Mama mjamzito asifanye kabla ya kuongea na mkunga wake.

Na kabla ya yote hayo, mwenye uvimbe ambao haujawahi kuonwa na mganga wa hospitali aonwe kwanza. Sijaandika ukurasa huu ili watu wajipime wenyewe vibarazani.

Nimeona pia miguu iliyochanjwa chale, iliyopigwa chuku, iliyopakwa dawa za majani zinazochoma, na iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli hadi vidole vikawa vyeusi. Simlaumu mgonjwa, kwani anayeteseka hujaribu kila mlango. Lakini kila chale ni mlango mwingine wa vijidudu. Mwenye kutaka bendeji afundishwe na muuguzi namna ya kuifunga kuanzia vidoleni kupanda juu, ikibana zaidi chini na kulegea juu. Ikifungwa kinyume ni afadhali isifungwe.

Wale wa mkono

Wapo akina mama wanaovimba mkono baada ya kupasuliwa au kuchomwa mionzi kwa ajili ya saratani ya titi. Huo si ugonjwa wa mbu; ni tezi za kwapani zilizoondolewa au kuungua. Mpangilio ni ule ule wa kuanzia shingoni, isipokuwa kwapa lililopasuliwa haliwezi kuwa njia. Kwa hiyo hufunguliwa kwapa la upande mzima, na maji husogezwa kuvuka kifua kwenda huko, na mengine kushuka kinenani upande ule ule. Naomba wasijifundishe kwa maandishi peke yake. Warudi kwa waliowapasua, au kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, waonyeshwe mara moja kwa vitendo. Na mkono huo usipimwe presha wala kuchomwa sindano kama mkono mwingine upo.

Utajuaje kama unapungua?

Hapa lazima niwe mkweli. Mguu ambao bado ni laini, ambao ukiubonyeza kwa kidole gumba na kuhesabu hadi kumi unabaki na shimo, huo unaweza kupungua na ukauona kwa macho. Mguu uliokwisha kuwa mgumu kama gome, wenye vinundu, hautarudi kuwa kama wa ujana. Hata hivyo ngozi yake italainika, harufu itaondoka, homa zitaachana, na hayo si madogo kwa mtu aliyekuwa anakaa benchi la nyuma kabisa kanisani ili asikae na mtu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bangladesh, ambako wagonjwa wengine walifundishwa kuosha na kuinua mguu, na wengine wakaongezewa pumzi za tumbo na kujipapasa. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Kwangu mimi maana yake ni kwamba asiyekuwa na dakika 20 za kupapasa asikate tamaa: aoshe.

Usipime kwa macho, macho hudanganya na moyo una haraka. Chukua kamba ya katani au utepe wa fundi cherehani. Zungusha kamba juu kidogo ya kifundo cha mguu, funga fundo pale inapokutana. Chukua nyingine, zungusha penye unene wa shavu la mguu, funga fundo. Ziandike tarehe, zitundike ukutani. Kila Jumapili asubuhi kabla ya kwenda Misa, kabla mguu haujasimama muda mrefu, pima tena mahali pale pale. Fundo likianza kupishana kwa upana wa kidole, umeona kazi yako. Wiki mbili za kwanza huenda usione kitu. Andika pia tarehe ya kila homa, kwa sababu homa kutoka sita kwa mwaka hadi moja ni habari njema kuliko fundo.

Mama yetu wa barua, Jumatano ya pili ya mwezi ujao niko kliniki tangu saa mbili asubuhi. Njoo na binti, mje na beseni na kipande cha kanga, sabuni ipo. Tutaosha pamoja, nami nitamwonyesha binti ule mkono mwepesi. Wengine wenye miguu kama wako watakuwepo, maana nimewaalika. Na wanaume wasidhani tumewasahau: toleo lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia mabusha na upasuaji wake.